Mapitio ya Daraja la Skauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Wanaojitolea, Mombasa

Kila muhula mzazi mmoja au wawili hupigiwa simu na kuombwa wakae kikao cha kumpitia skauti kabla hajapandishwa daraja. Wengi hukubali papo hapo, kisha jioni hutuma ujumbe: "Sasa huko nitafanya nini?" Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wazazi wa Kisauni, Likoni, Changamwe na kisiwani. Majibu yanaeleza desturi ya kundi letu. Tulipochukua jambo kutoka Marekani, tumesema hivyo. Na pale kanuni za Chama cha Skauti Kenya au za shule ya mtoto zinaposema vingine, fuata hizo.

## Mambo ya msingi

Kikao cha mapitio ni nini?

Ni mazungumzo mafupi kati ya skauti mmoja na watu wazima wasiopungua watatu. Hufanyika baada ya skauti kutimiza masharti yote ya daraja na kabla hajavishwa beji. Safari nzima ina hatua nne: skauti hujifunza, hupimwa, hupitiwa, kisha hutunukiwa. Mbili za mwanzo ni kazi ya viongozi wa vikosi, yaani vile vikundi vidogo vya skauti ndani ya kundi, na kiongozi wa kundi. Hii ya tatu ndiyo ya watu wazima wanaojitolea.

Wanaokaa kikao wanatafuta mambo matatu. Je, yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mtoto yalifanyika kweli? Je, yamemwingia, au yalipita juu kwa juu? Na kundi lenyewe, linamlea vipi? Hili la tatu ndilo watu husahau, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mtoto anapokueleza kwamba tangu kambi ya mwisho kikosi chake hakijakutana, hujajifunza lolote kuhusu udhaifu wake. Umejifunza kuhusu sisi viongozi wake.

Kwa hiyo ni mtihani wa pili?

La. Sharti lililotimizwa na kutiwa sahihi limekwisha. Skauti aliyefunga fundo mbele ya kiongozi wake hapewi kamba tena mbele yetu, na aliyepimwa huduma ya kwanza haambiwi amfunge bendeji mwenyekiti.

Ni kanuni rahisi kuisema lakini ngumu kuishika, hasa kwa mtu anayeujua ufundi wenyewe. Tuliwahi kukaa na mzee mmoja, mvuvi wa Mji wa Kale, ambaye kwa mafundo hakuna kati yetu anayemfikia. Kijana alipoingia tu, mzee akatoa kipande cha kamba mfukoni. Mwenyekiti akamwomba kwa adabu airudishe, na badala yake amuulize kijana ni lini mara ya mwisho fundo lolote lilimfaa. Kijana akaeleza jinsi upepo wa kusi ulivyolinyanyua turubai la kibanda ambapo mamake huuza mahamri, na yeye akalifunga kwenye nguzo kwa kitanzi kisichokaza ili jioni aweze kukifungua bila kukata kamba. Mzee akamuuliza alizungusha ncha mara ngapi na akapitishia wapi. Wakazungumza kama watu wa kazi moja. Kamba isingetoa habari hiyo.

Tofauti iko kwenye namna ya kuuliza. "Nionyeshe" ni mtihani. "Ulijifunzaje, na umelitumia wapi?" ni mapitio.

Utaratibu huu umetoka wapi? Si mambo ya Wamarekani?

Uskauti wenyewe ulianza kwa kambi ya majaribio ambayo Robert Baden-Powell aliifanya katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ukafika Kenya mwaka 1910. Mwanzilishi huyo alimalizia maisha yake Nyeri, akafariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko. Kupanda kwa hatua, kutoka mgeni hadi skauti kamili, kulikuwepo tangu mwanzo.

Lakini kikao cha watu wazima chenye kanuni zilizoandikwa kwa kina, hicho kimekomazwa sana Marekani. Huko skauti wana madaraja 7, la juu kabisa likiitwa Eagle, na shirika lao tangu 2025 linaitwa Scouting America. Sisi hapa Kenya mpangilio wetu ni mwingine. Chama cha Skauti Kenya huwapanga vijana kwa umri, kuanzia Sungura, kisha Chipukizi, Mwamba na Jasiri, na kila ngazi ina mafunzo na beji zake. Beji za Marekani hatukuzichukua. Tulichochukua ni adabu ya kukaa na mtoto na kumsikiliza kwa utaratibu.

Mbona watu wazima, ikiwa uskauti ni wa vijana kuongozana wenyewe?

Kwa sababu kijana anahitaji kuzoea kuzungumza na mtu mzima asiye mzazi wake wala mwalimu wake, na akasikilizwa. Watoto wetu wengi huongea na wakubwa pale tu wanapotumwa au wanapokaripiwa. Hapa wanaketi, wanaulizwa maoni, na maoni yao yanaandikwa. Shughuli za kila wiki zinabaki mikononi mwao.

## Nani anakaa kikao

Lazima niwe niliwahi kuwa skauti?

Hapana. Tumekaa na muuguzi, dereva wa matatu, fundi cherehani, maalim wa madrasa, karani wa bandarini. Kinachotakiwa ni subira, ulimi wa staha, na uwezo wa kutunza siri ya mtoto. Utapewa orodha ya masharti ya daraja siku chache kabla ili uyasome. Huhitaji kuyakariri.

Kwa madaraja ya kawaida Marekani, wajumbe hawapungui watatu wala hawazidi sita, na hutoka katika kamati ya kundi. Sisi twapenda watatu. Wakizidi wanne, mtoto wa miaka kumi na mmoja huona kama ameletwa mbele ya baraza la wazee kwa kesi.

Naweza kukaa kikao cha mwanangu?

Huwezi, wala shangazi yake, wala mjomba, wala kaka yake mkubwa. Marekani ni hivyo hivyo. Uwepo wa mzazi hubadilisha majibu. Mtoto humtazama mama kabla ya kujibu, na mama naye hushindwa kunyamaza. Ubaki nje, unywe kahawa. Kukaa kikao cha mtoto wa mwenzio unaruhusiwa na tunakuomba sana. Ipo hali moja ambapo mzazi huingia. Tazama swali la skauti mwenye ulemavu.

Na mwalimu mlezi au kiongozi wa kundi?

Yeye humleta skauti, humtambulisha, na anaweza kuketi kando kimya ili aeleze jambo akiulizwa. Hapigi kura. Yeye ndiye aliyemfundisha na kumpima. Akikaa tena kumpitia, atakuwa anaikagua kazi yake mwenyewe.

Hapa kwetu hili lina ugumu wake, kwa kuwa makundi mengi yako ndani ya shule na mwalimu mlezi ni mmoja tu, ndiye hufanya kila kitu. Dawa tuliyoipata ni makundi mawili ya jirani kubadilishana. Wazazi wa kundi la Nyali wanawapitia skauti wa Kisauni, na wa Kisauni wanarudisha fadhila hiyo. Haligharimu chochote isipokuwa nauli.

Kuna malipo?

Hakuna. Nauli mtu hujilipia, na maji ya kunywa huletwa na kundi.

Natakiwa kuwa na karatasi gani?

Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, ambacho huombwa kupitia eCitizen, na barua ya mtu anayekufahamu. Baadhi ya wazazi huona tunawadhania vibaya. Hatuwadhanii. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Atakayechukizwa na kuombwa cheti tutamshukuru kwa nia yake, na tutaendelea bila yeye.

Sambamba na hilo, mtu mzima mmoja habaki na skauti peke yake chumbani hata kwa dakika tano za kumsubiri mjumbe aliyechelewa. Mkiwa hamjatimia wawili, ngojeni nje, uwanjani, mbele ya watu.

## Siku ya kikao

Kikao hufanyika wapi na lini?

Mahali penye utulivu lakini panapoonekana: darasa lenye mlango wazi, baraza ya msikiti au ukumbi wa kanisa kwa ruhusa, kivuli cha mwembe ikiwa hakuna mvua. Nyumbani kwa mjumbe hapafai.

Saa ndiyo yenye hesabu. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, Ijumaa mchana hakuna la kuuliza. Kilichobaki ni Jumamosi baada ya adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani hatuweki vikao alasiri, kwani si haki kumhoji mtoto aliyefunga akiwa amechoka na koo limekauka. Tunaviweka asubuhi au tunavisogeza hadi baada ya Idi. Anayetoka Likoni apewe nafasi ya katikati, si ya kwanza, kwa sababu foleni ya feri haina mwenyewe. Skauti aliyechelewa kwa feri hajachelewa.

Huchukua muda gani?

Kama robo saa kwa madaraja ya chini, nusu saa kwa ya juu. Ukiona mmefika dakika arobaini na mtoto wa Chipukizi, jueni mmeanza kumpima.

Tumuulize nini hasa?

Anzeni na lililo karibu naye: anatoka wapi, yuko kikosi gani, wanajiitaje. Kisha mkaribie kazi aliyoifanya. Maswali mazuri hayajibiwi kwa ndiyo au la. "Ni sharti gani lilikuchosha zaidi?" "Ni nani alikusaidia, na wewe umemsaidia nani?" "Ungekuwa kiongozi wa kikosi, kambi ijayo ungebadilisha nini?" Ahadi na kanuni za skauti ziulizwe kwa upande wa maisha. Ukimwambia azikariri, atazikariri kama kasuku. Ukimuuliza ni kanuni ipi humshinda, atanyamaza, atafikiri, na jibu litakuja.

Mfano mmoja. Msichana wa darasa la saba alikuwa amepita sharti la kupika nje kwa moto wa kuni. Mjumbe mmoja akamuuliza chakula kilitokaje. Akasema mbaazi za nazi ziliungua. Wengi wangeishia hapo. Mjumbe akauliza ziliunguaje, na msichana akafungua: walikuwa wamewasha moto kwa makumbi ya nazi, nayo hushika upesi na kutoa joto kali, kisha wakatia tui la kwanza mapema badala ya kuanza na lile jepesi, tui likakatika na chini kukashika. Mara ya pili wakayaacha makumbi yawe makaa kwanza, na tui zito likaingia mwisho. Sharti lilisema tu apike mlo wa kikosi. Lakini aliyekuwa mbele yetu ni mtu aliyekosea, akatafuta sababu, akarudia. Hayo ndiyo tunayoyatafuta, na hayapatikani bila swali la pili. Basi msiwe na haraka ya kuhamia swali lingine lililoko kwenye karatasi.

Msimuulize mapato ya wazazi, kabila, kwa nini baba hakai nyumbani, wala alama zake za darasani. Hayatuhusu.

Tutumie lugha gani?

Ile ambayo mtoto huifikiria. Vitabu vingi vya mafunzo viko kwa Kiingereza, hivyo baadhi ya wajumbe hudhani kikao nacho kiwe hivyo. Matokeo yake mtoto aliyeongoza wenzake kwenye kambi ya siku tatu hukaa mbele yenu akitafuta maneno. Kiswahili kinatosha, na akiingiza Kimvita au Kidigo msimsahihishe. Jina la chombo au fundo analijua kwa Kiingereza? Aliseme hivyo hivyo.

Hana sare kamili. Tumrudishe?

Hapana. Avae alicho nacho, kiwe safi, na skafu kama anayo. Sare ni gharama, na katika familia yenye watoto watatu shuleni shati la skauti halitangulii unga. Tunaangalia unadhifu, hatuangalii bei. Wakati mwingine wenzake humwazima skafu mlangoni, na sisi hujifanya hatukuona.

Atuamkie vipi, na sisi tumwite nani?

Atapiga saluti ya skauti akiingia. Wengi huongeza "Shikamoo", nanyi mwitikie "Marahaba" kwa uso mkunjufu, maana hapo ndipo hofu inapoanza kushuka. Anaweza kuwaita Bi, Ami, Mwalimu au Mzee, kama alivyozoea kwao. Ninyi mwiteni kwa jina lake. Msimwite "wewe kijana". Simameni anapoingia, na simameni anapotoka.

Akinyamaza au akilia?

Mpeni maji. Mwenyekiti aeleze tena, polepole, kwamba hakuna jibu litakalomwangusha. Hamisha mazungumzo kwenye kitu alichokileta: kitabu chake, picha, kijiti alichokichonga. Ikishindikana kabisa, ahirisheni kwa wiki moja na muandike kwamba kikao kiliahirishwa. Msiandike kwamba hakufaulu. Woga si sharti la daraja lolote.

## Uamuzi

Uamuzi hufikiwaje?

Skauti hutoka nje na kiongozi wake, wajumbe huzungumza wenyewe, na wote lazima wakubaliane. Marekani wana sharti hilo hilo la kauli moja, nasi tumelishika kwa sababu nzuri: mjumbe mmoja mwenye shaka analazimika kuieleza shaka yake kwa maneno. Mara nyingi akianza kuieleza huona haina mguu. Mara chache huwa ameona kitu ambacho wenzake walikipita.

Kisha skauti huitwa na kuambiwa pale pale. Msimwache akaenda nyumbani na dukuduku.

Tunaweza kumwambia "bado"?

Mnaweza, lakini kwa sababu iliyo ndani ya masharti ya daraja. "Hajakomaa" si sababu. "Nywele zake" si sababu. "Mimi wakati wangu ilikuwa ngumu zaidi" ndiyo kabisa si sababu.

Mkifika huko, mwambieni ana kwa ana na pia kwa maandishi: ni sharti gani limebaki, afanye nini ili kulikamilisha, na arudi lini. Karatasi hiyo ieleze pia kwamba ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya na watu wengine. Sisi hutumia kamati ya kundi jirani. Barua iandikwe na iwe mkononi mwake ndani ya juma moja, kwani mtoto anayesubiri miezi miwili bila habari huacha uskauti na haji kukueleza.

Je, tukigundua kwamba aliyetia sahihi hakumwona mtoto akifanya?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu.

Hutokea hivi: unamuuliza skauti kuhusu matembezi ya kutumia ramani na dira, naye anasema, kwa uaminifu kabisa, "Hatukwenda, mvua ilinyesha, mwalimu akatutilia sahihi wote." Mtoto hakudanganya. Aliambiwa amemaliza, akaamini. Aliyekosa ni mtu mzima.

Msimgeuzie mtoto ukali. Mshukuruni kwa kusema kweli na muendelee na mengine. Kisha mwenyekiti azungumze na kiongozi wa kundi faragha, matembezi yapangwe upya kwa wote waliotiliwa sahihi siku hiyo, na beji ingoje. Kundi ndilo lenye deni, basi kundi lipange siku, lilipe nauli, na lifanye haraka.

Najua wapo wanaosema tufumbe macho tu, mtoto asivunjike moyo. Siwezi kukubaliana nao. Watoto wanajua. Skauti aliyevaa beji ya kitu ambacho hakukifanya huiona kila anapoivaa, na wenzake waliokifanya huiona pia. Daraja likishakuwa la bure, kesho hata aliyelitolea jasho anatazamwa kwa shaka. Huko bandarini, katika mafunzo, mahali popote atakapokwenda, kuna watu watakaoiamini karatasi yake kwa sababu sahihi yetu iko chini.

Mzazi amekuja na hasira, au na zawadi.

Hasira isikilizwe na mwenyekiti, nje ya chumba, baada ya mtoto kuondoka. Zawadi irudishwe kwa shukrani, hata ikiwa ni madafu mawili. Baada ya sherehe ya beji, alete madafu kwa kundi zima na tutayanywa pamoja.

## Hali zisizo za kawaida

Skauti ana ulemavu. Masharti yapunguzwe?

Hayapunguzwi. Hubadilishwa, na hubadilishwa mapema, mtoto anapoanza daraja. Siku ya kikao ni kuchelewa. Asiyeweza kutembea mwendo mrefu hupewa kazi nyingine yenye uzito uleule, iliyoandikwa na kukubaliwa na kiongozi, mzazi na mtoto mwenyewe. Ninyi kazi yenu ni kuangalia kama alilifanya lile lililokubaliwa.

Hapa ndipo mzazi au mkalimani wa lugha ya ishara anaruhusiwa kuingia, ikiwa mtoto anamhitaji ili mazungumzo yafanyike. Waulizeni kabla. Na mtazameni mtoto mnapouliza, msimtazame mkalimani.

Ahadi inamtaja Mungu. Tuulize kuhusu dini?

Mwaweza kuuliza anautimizaje wajibu wake kwa Mungu, kwa sababu ameuahidi. Hamwezi kuuliza kama anasali swala zote tano, au ubatizo wake ulikuwa lini, wala kumsahihisha imani yake. Katika mji huu meza moja ya kikao huwa na Mwislamu, Mkristo na Mhindu, na mtoto anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Akijibu kwamba huwasaidia majirani wazee kubeba maji, hilo ni jibu. Lipokeeni.

Amehamia shule ya bweni bara. Tufanye kwa video?

Inawezekana. Awepo mtu mzima anayeaminika upande wake, athibitishe mwanzoni kwamba mtoto yuko mahali salama, kisha asogee mahali asipoweza kusikia. Upande wenu wajumbe wote wawe mahali pamoja ikiwezekana. Kurekodi hairuhusiwi, wala kupiga picha ya skrini. Kwa mtoto aliye karibu na mtihani wa KCSE, ngojeni hadi arudi Desemba.

Katikati ya mazungumzo mtoto ametaja kwamba anaumizwa nyumbani au shuleni. Tufanye nini?

Acheni kikao. Msikilizeni bila kumhoji, msimwahidi kwamba mtaficha, na mwambieni amefanya vyema kusema. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema. Siku hiyo hiyo toeni taarifa kwa ofisi ya watoto ya kaunti ndogo au kituo cha polisi. Simu ya watoto ni 116, haitozwi, na hupokewa usiku na mchana. Msimwendee anayetuhumiwa kumuuliza "upande wake". Daraja litangoja.

Mradi wake wa huduma haukufaulu. Bado anastahili?

Inategemea nini hakikufaulu. Kijana mmoja aliongoza wenzake kupanda mikoko kando ya mkono wa bahari wa Tudor. Alipokuja kikaoni, miche mingi ilikuwa imekufa. Mjumbe mmoja alitaka arudie mradi wote. Tukamwacha kijana aeleze. Walikuwa wamepanda mkoko sehemu ya juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, mahali ambapo mchu, aina nyingine ya mikoko, ndio humudu chumvi na ukavu. Aliligundua hilo kwa kwenda kuwauliza akina mama wanaotunza kitalu cha miche, akarudi na kikosi na kupanda mchu pale pale. Alikuja na daftari lenye tarehe, nyakati za maji kujaa na kupwa, na majina ya waliokuwepo kila siku.

Alipanga, akaongoza, akawajibika. Alipita kwa kauli moja. Hata kwa daraja la Eagle huko Marekani, ambalo linadai beji za ujuzi 21 na mradi wa huduma kabla ya kutimiza miaka 18, hakuna idadi ya chini ya saa iliyowekwa kwa mradi. Kinachoangaliwa ni uongozi wa kijana na manufaa kwa waliohudumiwa. Lakini kama baba ndiye aliyepanga kila kitu na kijana alifika kupigwa picha, hapo rudini kwenye swali la "bado".

Kuna skauti ambaye hajapanda daraja kwa muda mrefu. Kikao kinamhusu?

Kinamhusu sana. Mwiteni hata kama hana sharti jipya lililokamilika. Hapo hamtoi uamuzi wowote, mnauliza tu kilichomkwamisha. Mara nyingi ni nauli, au Jumamosi yuko dukani akimsaidia baba, au kiongozi wa kikosi chake hamwiti. Yote hayo yana ufumbuzi mkiyajua mapema.

Kitabu chake kimepotea na aliyempima amehama.

Ndiyo maana kila kikao huandikwa mara mbili: kwenye kitabu cha skauti na kwenye daftari la kundi, kwa jina la daraja, tarehe na sahihi za wajumbe wote. Daftari likiwa na kumbukumbu, andikeni upya na muendelee. Lisipokuwa nayo, waulizeni wenzake wa kikosi, na kiongozi wa zamani kwa simu. Wawili wakithibitisha, sharti linahesabiwa. Skauti asirudishwe mwanzo kwa sababu ya karatasi iliyoliwa na mvua.